Kisogo cha Mkunga

Mtoto mchanga ana haki ya kukaa kimya kidogo kabla ya kulia, na mkunga mzoefu huujua urefu wa ukimya huo kama mpishi anavyojua wali umeiva bila kufunua sufuria. Bibi Namkunda alikuwa koridoni ananawa mikono aliposikia kwamba ukimya wa chumba cha pili umepitiliza. Hakungoja kujifuta. Alisukuma mlango kwa goti akaingia.

Mama aliyejifungua alikuwa ameinua kichwa kutoka kwenye mto, anatafuta kwa macho. Muuguzi Veridiana alisimama pembeni, amempa mama yule kisogo, uso wake ameuelekeza ukutani. Mtoto alikuwa mikononi mwake, amefunikwa kanga mpaka usoni.

"Veri! Unafanya nini?"

Namkunda alimnyang'anya mtoto, akamlaza mezani, akamsafisha mdomo na pua, akamsugua mgongo, akambandika mfuko wa kupumulia. Mwili ulikuwa bado na joto. Chini ya vidole vyake moyo ulipiga kidogo, ukasita, ukapiga tena, kisha ukaacha. Aliendelea kuminya mfuko hata baada ya kujua kwamba haina maana, kwa sababu mama yule alikuwa akitazama.

"Pole, mwanangu," alisema mwishowe.

"Alitikisa mguu," yule mama alisema. "Nilimwona mimi mwenyewe, alitikisa mguu. Halafu dada akamfunika."

Koridoni Veridiana alikuwa anatetemeka. Alikuwa msichana mwema, mchapakazi, asiyejua kusema uongo hata wa kujiokoa. "Bibi, sijui nikueleze nini. Mfuko nilikuwa nauona pale mezani. Nilitaka kuuchukua. Mikono ikaenda kwenye kanga, miguu ikaenda ukutani, nikasimama nasubiri."

"Unasubiri nini?"

"Mama alie amalize."

Namkunda alikwisha kuona jinsi msichana yule alivyosimama mle ndani, bega la kushoto limeshuka chini ya la kulia. Veridiana hakuwa na ubovu wowote wa bega. Mwenye bega bovu alikuwa Namkunda, tangu alipoanguka na mtungi wa maji utotoni.

Na ule mkao aliujua. Katika ukoo wao, ambao wanawake wake walikuwa wakunga tangu kabla ya barabara kufika milimani, mtoto akizaliwa mfu mkunga humfunika, humgeuzia mama kisogo na kuutazama ukuta mpaka kilio cha kwanza kiishe. Mama asiuone uso wa mkunga ukivunjika. Msiba ni wake, asije akalazimika kumbembeleza mwingine. Tangu avae utando wa kuwafundishia wenzake, Namkunda alikuwa amelifanya jambo hilo mara moja tu, kwa mjukuu wake mwenyewe, kifungua mimba wa binti yake Nakiete, aliyekuwa amefia tumboni kabla uchungu haujaanza.

*

Mhandisi Kaijage alipanda kutoka makao makuu ya mradi wa utando kesho yake. Ndiye aliyeubandika utando kisogoni mwa Namkunda kwa mkono wake, kingozi chembamba kama gamba la kitunguu, chini ya nywele, akamwambia hautauma. Kweli haukuuma. Kuanzia siku hiyo Namkunda akawa Kigezo. Alichokiona kwa macho yake na kukifanya kwa mikono yake kiliingia katika mikono ya wakunga elfu nne nchini kote waliovaa utando wa kupokea. Walitazama, wakaweza. Vyuo vya ukunga vikafungwa. Nani akasome miaka mitatu kitu kinachoingia vidoleni kwa kutazama? Hata chuo cha kijijini kwao Kwamrisha sasa kilikuwa ghala la mahindi.

Nisiwe mkosa shukrani. Miaka ile wanawake wengi sana walipona ambao wangekufa. Hilo nalo lisemwe.

"Bibi, shikamoo," Kaijage alisema, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa na anajua atakataliwa.

"Marahaba. Niambie ni wangapi."

"Wengi."

"Wengi wangapi?"

"Taarifa zinakuja kila siku, kutoka ziwani mpaka pwani. Mtoto akizaliwa kimya, wanageuka. Mimi nimeacha kuzisoma, nimempa mwenzangu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Sokwe akimwona mwenzake anapasua kokwa kwa jiwe, anajifunza. Lakini ukimwonyesha jambo la kipuuzi, tuseme unagonga sanduku mara tatu kabla ya kulifungua, yeye analiruka. Anataka chakula kilichomo. Mtoto wa binadamu haliruki. Atagonga mara tatu, na kesho atamfundisha mdogo wake kugonga mara tatu."

"Basi sokwe ana akili."

"Mtoto ndiye aliyejenga miji, Bibi. Tunaiga kwanza, tunauliza maana baadaye. Hivyo ndivyo tulivyorithishana moto na jembe. Utando umeikuza ile kuiga. Ile ya kuuliza haukuigusa."

"Lakini kwa nini lile?" Namkunda alipaza sauti. "Nimewaamsha watoto waliozaliwa kimya mpaka nimesahau idadi, na nyie mnatazama! Kwa nini lile la mara moja?"

"Kwa sababu wale uliwaamsha ukiwa kazini, umetulia. Lile ulilifanya umevunjika. Nyani mdogo akimwona mama yake mara moja tu akimkimbia nyoka kwa mayowe, ataogopa nyoka mpaka afe, hata kama yeye hajawahi kuumwa. Ubongo umeumbwa hivyo, kilichomtia mwenzako uchungu unakishika upesi. Utando unapima moyo wako. Ulipouma kupita siku zote, ndipo somo lilipoingia chini kupita yote."

Dirishani mbuzi wa mlinzi alikuwa anakula bango la afya ya mama na mtoto, na hakuna aliyemfukuza.

"Tunaweza kufuta," Kaijage aliendelea. "Lakini hatuwezi kuchagua cha kufuta. Wakunga elfu nne wataamka kesho wana mikono ya mtu asiyewahi kuona uzazi."

"Na wanawake watakaoshikwa na uchungu kesho?"

"Njia ya pili ni kufundisha upya, juu ya lile. Tulijaribu na mwanasesere, unakumbuka. Somo halikushika hata kidogo. Moyo wako ulijua ni plastiki. Tunahitaji mtoto wa kweli aliyezaliwa kimya, Bibi, na wewe umwamshe. Na awe mtoto ambaye..." Alikwama.

Ambaye atauma kama yule wa kwanza. Namkunda alimalizia mwenyewe kimoyomoyo, kisha akaelewa. Nakiete alikuwa na mimba nyingine, mwezi wake wa mwisho. Kondo la nyuma lilikuwa dhaifu, kama la mimba ya kwanza. Daktari alikuwa amekwisha sema apelekwe mjini kwa upasuaji.

"Akifanyiwa upasuaji atakuwa salama, yeye na mtoto," Kaijage alisema akitazama viatu vyake. "Hilo sikufichi."

"Toka, Mhandisi."

Akatoka.

*

Namkunda aliapa kwamba hatamwambia binti yake. Alimkuta barazani anachambua maharage ya makande, ungo umekaa juu ya tumbo kama juu ya meza. Veridiana alikuwa amekwisha pita. Hospitali ndogo haina siri.

"Yule wa kwanza walimtumia bila kuniuliza," Nakiete alisema kabla mama yake hajakaa. "Huyu angalau wameniuliza. Tumepiga hatua."

"Hakuna aliyekuuliza. Utakwenda mjini, gari limepangwa."

Nakiete alitupa jiwe dogo uani. Alikuwa na ulimi mkali tangu utotoni, na msiba ulikuwa umeunoa. "Jana nilikwenda kumpa pole yule mama wa chumba cha pili. Ananiuliza mimi, kwa nini dada alimgeuzia kisogo na mtoto anatikisa mguu. Ningemjibu nini?"

"Si kosa lako."

"Sijasema ni kosa. Nasema msiba ni wangu. Nililia mimi. Sasa wamenichukulia kilio changu, wanazikia nacho watoto wa watu." Sauti ilimkatika, akaishika tena. "Wahenga walisema mwana hufuata kisogo cha nina. Nina mwenyewe sasa anafuatwa na elfu nne."

"Nakiete, unaweza kufa. Mtoto anaweza kufa. Unanielewa?"

"Wewe utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

"Sasa nife kwa nini?"

Mama mwingine angeupindua ule ungo. Angeita wajomba, angemfunga binti kamba na kumpakia garini. Namkunda alikaa kimya, na nasema wazi kwamba kilichomnyamazisha hakikuwa huruma kwa taifa. Aliiamini mikono yake. Nchi nzima iliiamini. Ukisifiwa miaka yote hiyo na watu wasiokujua, hata woga wako unaanza kukuona una uwezo. Akavuta kigoda, akaanza kuchambua maharage upande wake wa ungo.

*

Uchungu ulianza alfajiri ya Jumatano, na jua lilipopanda kijiji kizima kilijua. Utaratibu wa somo ulikuwa mkali: chumbani awepo Kigezo na mwanafunzi mmoja tu, kwa sababu mikono ya ziada huchanganya utando. Mwanafunzi alikuwa Veridiana. Kazi yake ilikuwa moja. Mtoto akishatoka, ampige mama sindano ya kuzuia damu. Kaijage alikaa nyuma ya kioo. Huko nje, kila mkunga aliyeweza kuacha kazi alikuwa ameketi, ametulia, anapokea.

Nakiete alisukuma kama walivyosukuma wanawake wote wa ukoo ule, kwa hasira. Mtoto alitoka wa kike. Alikuwa wa buluu, amelegea, kimya.

Namkunda alisikia moyo wake ukigonga masikioni. Kwa mbali, upumbavu wake ukafurahi. Ndiyo hii waliyoitaka. Alikata kitovu, akamweka mtoto mezani, akasafisha njia ya hewa, akasugua. Kimya. Akabandika mfuko, akaanza kuminya. Kifua kidogo kikainuka, kikashuka, kikainuka, kikashuka. Alihakikisha anatazama vizuri kila anachofanya, ili waone.

Kisha akasikia tone. Likafuatwa na jingine, halafu yakawa mfululizo, yanaangukia sakafuni kutoka ukingoni mwa kitanda.

"Veri, umepiga sindano?"

Aligeuza macho tu, bila kichwa. Veridiana alikuwa amesimama ukutani, kisogo kwa wote, bega limeshuka. Mikononi alikuwa amebeba kanga tupu. Alikuwa ameusikia ukimya wa mtoto, na mwili wake ulikuwa umekwenda ulikofundishwa. Sindano ilikuwa bado kwenye sinia.

"Veri! Veri, mwanangu, geuka! Sindano!" Alimwita kwa ukali, akamwita kwa kumbembeleza. Msichana alikuwa analia machozi yanachuruzika, na hakugeuka.

"Kaijage! Ingia!"

Kaijage aliingia mbio akapepesuka alipoona sakafu. "Nifanye nini?"

"Kanda tumbo! Chini ya kitovu, kwa nguvu!"

Aliweka mikono. Alikuwa mtu aliyechora ramani ya kila mshipa wa kiganja cha mkunga, na viganja vyake mwenyewe vilikuwa vinapapasa tumbo lile kama vya mtu anayejaribu joto la pasi. "Kwa nguvu!" Akajaribu tena, na damu ikaendelea kushuka.

Namkunda alijua kinachotakiwa. Mikono yake miwili, hapo, sasa. Damu za namna ile alizizuia kwa wanawake wasiohesabika. Lakini mikono yake miwili ilikuwa kwa mtoto. Mapigo ya moyo yalikuwepo, madogo, ila pumzi haikuwepo isipokuwa ile anayoiminya yeye. Akimwacha, mtoto huyu anakufa, na wakunga elfu nne wanamwona Kigezo kwa mara ya pili akimpa kisogo mtoto aliye kimya, na safari hii ameumia kuliko ile ya kwanza. Somo hilo lingeingia ndani kiasi kwamba hakuna ambacho kingelitoa tena.

"Mama." Sauti ya Nakiete ilikuwa ya mtu anayesinzia. "Analia?"

"Bado, mwanangu. Bado kidogo."

"Usigeuke."

"Nakiete..."

"Usigeuke, Mama."

Watu wa makao makuu baadaye walisema kwamba Namkunda aliamua vile kwa ajili ya vizazi vya nchi. Ni uongo wa watu wanaotaka kulala usingizi. Vizazi havikumpitia akilini. Alimsikia mwanawe akimwomba jambo, jambo la mwisho pengine, akalifanya. Aliinama juu ya mjukuu wake akaminya mfuko, akaminya, machozi yakidondokea kwenye kile kifua, nyuma yake mwanawe anakwisha, na hakugeuka.

Mtoto alikohoa. Akakunja uso. Akalia kilio chembamba, kisha kinene, na rangi ya waridi ikaanza kumpanda kutoka kifuani kwenda usoni.

Hapo Namkunda aligeuka. Alimsukuma Kaijage, akapiga sindano, akakanda, akaingiza ngumi kukibana kizazi kwa ndani, akafanya yote ambayo mkunga hufanya na mengine ambayo hakuna mkunga hufanya. Nakiete alikuwa ameelekeza uso upande wa kile kilio. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Damu ya kuongezewa ilipofika kutoka benki ya wilaya, dereva aliambiwa airudishe.

*

Somo lilishika. Kaijage alikuja msibani kusema hivyo, amesimama mlangoni, hakuthubutu kuketi na waombolezaji. Tangu Jumatano ile, alisema, hakuna mtoto aliyefunikwa kanga akiwa na pumzi. Kila mahali watoto wanaamshwa. Utando wa Namkunda ameuzima, kwa heshima, asisumbuliwe tena. Kisha akalia kwa sauti mbele za watu, mtu mzima na tai yake. Namkunda alimchukia kwa kulia. Alijichukia na yeye pia, kwa sababu aliposikia habari ile kuna kitu kifuani mwake kilitulia.

Matanga yalipokwisha alimbeba mjukuu mgongoni, akashuka hospitali kuomba maziwa ya kopo. Wauguzi walimpokea kwa pole nyingi. Alikuwa koridoni aliposikia mtoto analia chumba cha pili. Kilikuwa kilio cha mtoto mwenye afya, cha fujo, kinachodai haki zake zote kwa mara moja. Namkunda alisimama akakisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alitaka kutabasamu.

Halafu chini ya kile kilio akasikia sauti nyingine. "Dada," mwanamke alikuwa anaita. "Dada. Dada, nalowa." Kila alipoita, sauti ilikuwa ndogo zaidi.

Aliingia. Veridiana alikuwa ameinama juu ya meza. Mtoto alikuwa anarusha mikono na miguu, anapiga mayowe, na kila alipofungua mdomo Veridiana alimbandika mfuko wa kupumulia na kuminya. Alikuwa analia. Machozi yalidondokea kifuani mwa mtoto. Nyuma yake, kitandani, mama alikuwa mweupe, na shuka halikuwa na rangi yake tena.

Namkunda hakupoteza muda wa kusema. Alimpiga mama yule sindano, akapanda kitandani na mjukuu wake mgongoni, akakanda tumbo kwa viganja viwili mpaka alipolisikia likianza kukaza chini ya vidole. Hakuna utando uliomwona. Ilikuwa kazi nzuri kupita zote alizowahi kufanya, na haikuingia katika mkono wa mtu yeyote.

"Veri," alisema akihema. "Mtoto analia."

"Ndiyo, Bibi."

"Amezaliwa analia."

"Ndiyo."

"Na mama alikuwa anakuita. Ulimsikia?"

"Nilimsikia, Bibi."

"Sasa kwa nini hukugeuka?"

Veridiana alimtazama. Safari hii hakuwa anatetemeka. Macho yake yalikuwa maangavu, hayana hofu wala aibu, macho ya mwanafunzi aliyeulizwa swali analolijua.

"Hatugeuki, Bibi," alisema kwa upole. "Ndivyo inavyofanywa."

Akairudia kazi yake ya mfuko. Mfukoni mwa Namkunda simu ilianza kuita. Alijua ni Kaijage, na alijua anapiga kwa sababu gani. Aliiacha iite, kwa sababu mikono yake yote miwili ilikuwa tumboni mwa yule mama, na hakuthubutu kuiondoa.